Kliniki ya madaktari wa familia Njiro: tunataka kuona wagonjwa kwa video, tuanzie wapi?

Kliniki_Njiro

Habari za jioni wakuu. Kliniki ipo Njiro, Arusha: madaktari wa familia wawili, manesi watatu, mtu mmoja wa mapokezi. Wagonjwa wetu wengi ni wa presha na sukari, kuna wazazi wenye watoto wadogo, na kuna kundi linalotoka mbali, yaani Longido, Monduli, Mto wa Mbu na Karatu. Hawa wa mbali wanapanda gari alfajiri ili daktari aangalie daftari la presha kwa dakika kumi, halafu safari ya kurudi. Tunataka hao ndio waanze kuonwa kwa video.

Vifaa vilivyopo: kompyuta mpakato mbili zenye kamera, rauta ya 4G yenye laini moja, umeme wa TANESCO bila akiba yoyote. Kwa upande wa wagonjwa, simu janja za bei ya chini, na wengine hutumia simu ya mtoto au ya jirani.

Maswali yetu:
- Tatizo gani linafaa kwa video na lipi lisiguswe kabisa?
- Intaneti ya kasi gani inatosha, na umeme ukikatika?
- WhatsApp inatosha au tutafute mfumo maalumu?
- Cheti cha dawa kitamfikiaje mtu aliyeko Longido?

Naomba hatua na vipimo. Ahsanteni.

Daktari_Pasua (Moshi)

Dokta, kabla hamjanunua hata waya, wekeni kanuni moja: video ni ya mgonjwa ambaye faili lake lipo tayari kwenu. Mgonjwa mpya aje kwanza, apimwe uzito, asikilizwe kifua, mkono wa daktari upite tumboni. Baada ya hapo miadi yake inaweza kupishana, moja ya ana kwa ana, moja ya video. Mkianza na mtu ambaye hamjawahi kumgusa, mtakuwa mnakisia tangu siku ya kwanza.

La pili, simu ya kawaida msiidharau. Uingereza mwaka 2020, madaktari wa familia walipolazimika kuwaona wagonjwa kwa mbali, sehemu kubwa sana ya kazi hiyo ilifanyika kwa simu ya sauti na video ikabaki sehemu ndogo. Maswali mengi ya daktari wa familia hujibiwa kwa sikio. Video inalipa pale jicho linapoongeza kitu: namna mtu anavyopumua, namna anavyotembea kutoka kitandani hadi kwenye kiti, miguu iliyovimba, uso wa mtu mwenye sonona, au kumtazama mgonjwa akitumia pampu ya pumu. Hilo la pampu pekee linatosha kuhalalisha kamera. Mwambieni aitikise, atoe hewa yote nje, abonyeze huku akivuta polepole, kisha abane pumzi hadi sekunde 10. Mtaona wengi wanabonyeza kwanza halafu wanavuta, dawa yote inaishia ulimini.

Yanayofaa: ufuatiliaji wa presha na sukari kwa mwenye vipimo vya nyumbani, pumu iliyotulia, majibu ya maabara, kubadilisha dozi, ushauri wa uzazi wa mpango, afya ya akili kwa mtu mnayemfahamu, na ngozi (kwa ngozi picha ni bora kuliko video).

Yasiyoguswa: maumivu ya kifua, maumivu makali ya tumbo, kupooza ghafla au mdomo kupinda, degedege, kutapika damu, mjamzito mwenye kichwa kikali, damu au uvimbe wa uso, na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye tatizo lolote. Hao video haiwasaidii, inawachelewesha. Kwa mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga, namba ya bure ya m-mama ni 115. Ibandikeni ukutani mbele ya daktari, kwa sababu wakati wa hofu hakuna anayekumbuka namba.

Homa iko katikati, na ndipo makosa hutokea. Arusha mjini malaria si nyingi, ila mgonjwa wenu huenda ametoka Mto wa Mbu, au alikuwa Kanda ya Ziwa wiki iliyopita. Mwongozo wetu unataka kipimo kabla ya dawa. Basi kila mwenye homa aende zahanati ya karibu akapime mRDT (kipimo cha haraka cha malaria), kisha mwendelee naye kwa video akiwa na jibu mkononi. Msikubali kuandika dawa ya malaria kwa kuangalia uso.

Kupumua: kuna mtindo wa kumwambia mgonjwa ahesabu namba kwa sauti kwa pumzi moja ili kukisia oksijeni. Wataalamu wa Oxford waliupitia mwaka 2020 wakashauri usitumike. Badala yake tazameni kama anamaliza sentensi, kama misuli ya shingo inavuta, kisha muulizeni jana alifika bombani bila kupumzika, na leo je? Mwenye oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni) asubiri kidole kiwe na joto, asome baada ya namba kutulia kama dakika moja, na kidole kisiwe na rangi ya kucha wala hina nyeusi. Kumbukeni pia kwamba kwenye ngozi nyeusi oksimita inaweza kuonyesha namba iliyo juu kuliko ukweli. Kwangu asilimia 92 au chini ni hospitali, na 94 ya mtu anayehema siipokei kama habari njema.

FundiMtandao_Sakina

Najibu la intaneti na umeme.

Watu hupima kasi ya kupakua wakaridhika. Kinachoua video ni kasi ya kupakia. Simu moja ya video yenye picha ya wastani hula kama 500 kbps kila upande. Ruhusuni 1 Mbps ya kupakia kwa kila daktari, kwa hiyo madaktari wawili kwa pamoja wanataka 2 Mbps isiyoyumba, na mkipata 3 mtalala vizuri. Pimeni kwa saa ileile mtakayofanya kazi, siku tano mfululizo, mwandike ile ndogo kabisa. Hiyo ndogo ndiyo kasi yenu. Angalieni pia ucheleweshaji: chini ya milisekunde 150 mazungumzo yanaenda kama kawaida, ukipita 300 mnaanza kukatishana maneno na mgonjwa anadhani daktari hamsikilizi.

Hesabu ya bando: 500 kbps kwenda na 500 kurudi ni 1 Mbps, sawa na MB 7.5 kwa dakika. Dakika 15 ni kama MB 112. Mgonjwa naye anakula zilezile, mwambieni siku ya kupanga miadi, la sivyo bando litamwishia katikati ya sentensi.

Rauta iwekwe dirishani upande wa mnara, mbali na ukuta wa zege, isikae juu ya kabati la chuma. Kutoka rauta hadi kompyuta tumieni waya wa mtandao. Zimeni masasisho ya kompyuta saa za kliniki. Laini ya pili iwe ya mtandao mwingine kabisa. Laini mbili za kampuni moja zinaanguka pamoja.

Umeme: rauta nyingi ni volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 zikizidi sana. Betri ya volti 12, Ah 7, ina Wh 84 (wati-saa). Kwa betri ya risasi tumieni nusu tu ili isife mapema, mnabaki na Wh 42, ambazo ni saa tatu na nusu. Ila msiunganishe betri moja kwa moja kwenye rauta, kwa sababu ikiwa inachajiwa hupanda juu ya volti 13 na rauta nyingine haivumilii. Chukueni kifaa cha akiba cha volti 12 kilichotengenezwa kwa ajili ya rauta. Inveta kubwa kwa ajili ya rauta peke yake ni hasara, yenyewe inakula umeme ikiwa imekaa tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kwenye simu nyingi za bei ya chini, mtu akipigiwa simu ya kawaida wakati wa video, simu hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili ipokee, na video inakufa hapohapo. Nesi akimwandaa mgonjwa amwombe azime laini ya pili, na ndugu wajue asipigiwe kwa dakika 20.

Picha ikianza kuganda, daktari azime kamera yake mwenyewe kwanza. Mgonjwa hahitaji kukuona vizuri kama wewe unavyohitaji kumwona. Bado inaganda? Punguzeni ubora wa picha. Ikikatika mara mbili, hamieni simu ya sauti, msipoteze zaidi ya dakika tatu. Sauti ni muhimu kuliko picha, na hedifoni ya waya huondoa mwangwi wote.

Kliniki_Njiro

Ahsante sana Daktari na Fundi, haya ndiyo tuliyoyahitaji. Hilo la simu kushuka 3G limeeleza mengi. Swali la nyongeza: nani ampigie tena mwenzake simu ikikatika? Na kwa mtoto anayekohoa, daktari anaweza kuhesabu pumzi kwenye video?

Nesi_Kiboriloni

Shikamooni madaktari. Hayo mawili na mengine ya maandalizi nayajua vizuri.

Simu ikikatika daktari ndiye anayepiga, mgonjwa akae asubiri. Wote wawili wakipiga kwa wakati mmoja kila mmoja anakuta mwenzake anatumika. Semeni hivyo mwanzoni kabisa, pamoja na mambo manne mengine: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa mlinganishe na faili, namba ya pili ya simu, mahali alipo wakati huo (kijiji, kitongoji na alama, kwa mfano nyuma ya shule ya msingi fulani), na nani yupo naye chumbani. Mahali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mgonjwa wenu wa Karatu anaweza kuwa Dareda kwa mwanaye siku hiyo, akizimia mtatuma gari kusikokuwa na mtu.

Pumzi za mtoto: msihesabu kwenye video ya moja kwa moja. Picha inaganda sekunde mbili tatu bila nyie kutambua, hesabu inatoka ndogo, na mtoto mwenye nimonia anaonekana mzima. Mama amrekodi mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, shati limepandishwa mpaka tumbo na kifua vionekane, dakika moja kamili. Aitume kama dokumenti, akituma kama video ya kawaida programu inaibana na ubora unashuka. Nyinyi mhesabu sekunde 60 zote. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40 au zaidi. Tazameni pia kama sehemu ya chini ya kifua inazama akivuta hewa. Akiwa hanywi, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, msihesabu chochote, aende.

Presha ya nyumbani. Mashine iwe ya mkono wa juu, ya kifundo cha mkono iachwe. Siku ya kwanza aje nayo kliniki mpime kwa yenu na yake kwa kupokezana: tofauti ya 5 au chini ni sawa, ikizidi 10 hiyo mashine haifai. Mkanda ni shida kubwa. Pimeni unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida ni wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa 36 akitumia huo, presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mtamwongezea dawa asizozihitaji.

Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na iwe imepita nusu saa tangu chai au kahawa. Apime mara mbili akiacha dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Siku ya kwanza itupwe, zilizobaki mpate wastani. Nyumbani kikomo ni 135/85, chini kidogo ya 140/90 ya kliniki. Na miezi ya Juni na Julai Arusha na Moshi watu hupima juu ya sweta. Katika simu ya kwanza ya video mwambieni apime mbele yenu, ndipo mtayaona haya yote.

Sukari: mgonjwa aonyeshe kioo cha mashine kwenye kamera, asisome tu daftari, maana tarehe na saa vipo kwenye kumbukumbu ya mashine. Akipima mbele yenu ikawa chini ya 4 mmol/L, mazungumzo yasimame: vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apime tena baada ya dakika 15, na msikate simu.

Mguu wa mgonjwa wa sukari auonyeshe nyayo, visigino na katikati ya vidole. Kidonda chochote, hata kidogo cha kiatu, aje.

Mwanga: dirisha liwe mbele ya uso wake. Likiwa nyuma mtaona kivuli kinachoongea. Macho ya njano msiyaamue chini ya taa ya njano, na weupe wa viganja msiuamini kamwe, kwa sababu kamera inajirekebisha rangi yenyewe. Kwa picha za ngozi aweke karatasi nyeupe pembeni na sarafu karibu na upele: picha moja ya mbali, moja ya karibu, nje kivulini mchana. Kwenye ngozi yetu uvimbe wenye joto mara nyingi hauonekani mwekundu, unaonekana zambarau au mweusi zaidi. Mwambieni aguse kwa mgongo wa mkono alinganishe joto na upande wa pili.

Nyumba za bati mtandao hupungua ndani. Huku kwetu mgonjwa wa Kibosho au Machame anaambiwa atoke uani, lakini uani kuna majirani. Maswali ya siri yaulizeni kwa namna anayoweza kujibu ndiyo au hapana. Bibi wa Kichaga au yeyo (mama) wa Kimaasai akitafsiriwa na mjukuu, ya tumboni na ya ndoa yasipitie kwa mjukuu huyo. Tafuteni nesi anayejua lugha.

Mtunza_Kumbukumbu

La WhatsApp. Mazungumzo yenyewe yamefungwa kwa siri kati ya simu mbili, hapo hakuna shida kubwa. Shida ni kinachobaki. Picha ya titi au ya mtoto inajihifadhi kwenye galari ya simu, kisha inapanda yenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni ya mwenye simu. Kwa hiyo: simu iwe ya kliniki, laini ya kliniki, haitoki mlangoni. Zima kuhifadhi picha kwenye galari, zima nakala ya akiba kwenye akaunti binafsi, weka PIN ya hatua mbili. Daktari aandike kwenye faili alichokiona, picha inayohitajika ihamishiwe kwenye faili, ndipo ifutwe kwenye simu. Video isirekodiwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Chukueni ridhaa ya maandishi mgonjwa akiwa kliniki, karatasi moja kwa Kiswahili rahisi: video inafanyikaje, haioni nini, taarifa zinakaa wapi, anaweza kukataa na bado akahudumiwa. Kliniki nayo ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Miadi: ujumbe wa kumkumbusha uandikwe na mtu. Mfumo ukituma "10:00" mgonjwa anasoma saa kumi, anakaa mbele ya simu jioni wakati mlimsubiri asubuhi. Andikeni "Jumanne, saa 4 asubuhi". Siku mbili kwa wiki, saa mbili kila siku, dakika 20 kwa mgonjwa, zinatosha kwa kuanzia. Nesi ampigie siku moja kabla wajaribu kamera kwa dakika tatu.

Daktari_Pasua (Moshi)

Mtunza yuko sahihi kwa yote, ila mimi WhatsApp naikubali kwa miezi michache ya mwanzo tu. Haina foleni, haina faili, na mgonjwa akishaipata namba atatuma ujumbe saa 7 usiku akitarajia jibu. Wekeni ujumbe wa kujibu wenyewe unaosema saa za kazi na mgonjwa aende wapi ikiwa ni dharura.

Cheti cha dawa: kabla ya kukiandika, mpigieni mfamasia wa huko muulize dawa ipo. Duka la dawa muhimu lina orodha yake na si kila dawa ya cheti linaruhusiwa kuuza, kwa hiyo mtu wa kijijini anaweza kuhitaji famasi ya Longido mjini au Namanga. Cheti kiende moja kwa moja kwa mfamasia kwa PDF. Picha ikibaki kwa mgonjwa inaweza kuzungushwa maduka matatu. Kiwe na jina, umri, uzito kwa mtoto, jina halisi la dawa, nguvu yake, dozi, siku, idadi kwa tarakimu na kwa maneno ("vidonge 30, thelathini"), namba ya usajili wa daktari, tarehe, na tarehe ya mwisho ya kukitumia. Dawa zenye kulevya kama tramadoli na diazepamu hapana kabisa. Antibiotiki, karibu kila mara hapana.

Kabla ya kukata simu mwombeni mgonjwa arudie kwa maneno yake: atameza nini, saa ngapi, dalili gani zikitokea asisubiri, na atakwenda wapi. Akisema "nimeelewa" tu, hajarudia.

Kliniki_Njiro

Tumeyachukua. Tunaanza na wagonjwa kumi wa presha wa Longido na Monduli, wote wana faili. Mkono wa mmoja wao ni sentimita 43, mkanda mkubwa tulionao umeandikwa 32 hadi 42. Tutumie huohuo?

Nesi_Kiboriloni

Hapana dada, hata kwa sentimita moja, utasoma juu. Tafuteni mkanda mkubwa zaidi wa mashine ileile, mikanda ya aina nyingine haiingiliani. Usipopatikana, mgonjwa huyo abaki kwenye orodha ya kuja ana kwa ana.